Komunike ya Kila Mwaka

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu nyingi najikasirikia mwenyewe. Naanza na hilo ili mtu asidhani nasimulia haya kwa kutafuta huruma. Kosa nililifanya mimi, kwa vidole vyangu hivi, nikiwa nimekaa kitini na kikombe cha chai pembeni, na siku hiyo nilijiona hodari kweli kweli.

Wakati huo vita vilikuwa vimekaa Bujumbura hadi watu wameacha kuvitaja. Walisema tu "leo barabara iko wazi" au "leo barabara si nzuri", na kila mtu alielewa. Nyumbani kwetu ni Buyenzi, kwa Waswahili, mtaa wa mafundi na wenye maduka. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari. Alipofariki, kaka yangu mkubwa akarithi spana zake na wateja wake, na mimi nikarithi kelele za mama za kila asubuhi: "Na we utashika nini?" Grisi sikuipenda. Nilijifunza kompyuta kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na kompyuta niliyojifunzia ilikuwa ya jamaa mmoja wa Mutanga Nord aliyeniruhusu kuitumia kila Jumamosi mradi nimfutie vumbi.

Mjini kulikuwa na ofisi ndogo, chumba kimoja na kibaraza, iliyopokea matangazo ya watu na kuyapeleka redioni. Sisi tunayaita komunike. Mtu akifa, komunike. Akipotea, komunike. Kitambulisho kikidondoka, ng'ombe akikata kamba, harusi ikiahirishwa, yote ni komunike. Saa sita na nusu mchana mji ulinyamaza, vijiko vikasimama hewani, watu wakasikiliza nani amekufa na nani anatafutwa. Mwenye ofisi alisikia kwamba najua mambo ya mashini, akaniita nimtengenezee programu ya kuandika na kupanga hizo komunike.

Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa dada mmoja wa Musaga, amenizidi kama miaka kumi na tano, mpole wa sura, mkali wa mdomo. Alinishonea jina siku ya kwanza tu: fundi. Kila jioni alikuwa na haraka, maana bisi za Musaga ziliacha kupita mapema, na ukichelewa unabaki mjini na wasiwasi wako.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa rahisi. Kulikuwa na dirisha moja kubwa lenye orodha, na ukichagua komunike moja inajifungulia dirisha lake dogo. Ndani yake unaandika maneno, unaweka siku za kusomwa, na siku ikifika dirisha lenyewe linaagiza printa itoe kikaratasi, na tarishi anakipeleka redioni bila hata kukisoma. Dada aliweza kuwa na madirisha kumi na zaidi wazi, kwa sababu watu hawakuja na habari kamili. Mmoja alikuja na jina la marehemu bila mahali pa mazishi, akaondoka kuuliza, akarudi baada ya saa mbili. Dirisha lake lilimngoja.

Wiki ya pili nilimkuta amejishika kiuno.

"We fundi, mashini yako imekula watu kumi na moja leo."

"Imekula vipi?"

"Mi nilifunga dirisha moja tu, ile kubwa. Nilikuwa nataka kuwahi bisi. Zote zikaenda nayo. Na kati yao kuna mazishi ya kesho!"

Nilimweleza, tena kwa kiburi, kwamba dirisha lile kubwa ndilo mama, haya mengine ni watoto, na mama akifungwa programu nzima inakwisha na watoto wanaondoka naye.

"Ni mama gani anakufa na watoto wake wote siku moja?" alisema.

Mwaka ule tuliwajua mama wa namna hiyo, sote wawili, na komunike zao yeye ndiye aliyeziandika. Akachukua mkoba wake akaenda kutafuta bisi.

Nilikaa siku tatu nikirekebisha. Nilitoa sheria mpya: kila dirisha lijitegemee kwa uhai wake. Dirisha kubwa likifungwa, madogo yabaki. Programu ife pale tu dirisha la mwisho kabisa litakapofungwa. Na kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa mzee, kufungua dirisha upya kulichukua muda wa kumaliza sala mbili, na dada alikuwa na mkono wa haraka wa kufunga visivyofungwa, nikaongeza ujanja wangu mwenyewe. Ukibonyeza ule msalaba wa pembeni, dirisha halifi. Linajificha tu. Linatoka machoni lakini liko palepale, na maneno yake na siku zake, tayari kurudi ukiliita. Umeme ukikatika pia si neno: programu iliandika orodha ya madirisha yote yaliyo hai, na ikiwashwa tena inayafufua yote, ya wazi yakiwa wazi na yaliyojificha yakiwa yamejificha.

Nikasahau jambo moja. Nilisahau kumpa dada njia ya kuliua dirisha ambalo kazi yake imekwisha. Kusema kweli sikusahau, niliahirisha. Nilisema nitaiweka wiki ijayo, na wiki ijayo barabara haikuwa nzuri, na iliyofuata nikawa na malaria, basi ikabaki hivyo. Dada akawa anabonyeza msalaba, kitu kinatoweka, naye anaamini kimekwisha. Angeaminije vinginevyo? Hata mimi nikimtazama niliona kimekwisha.

Ishara zilikuwepo. Jioni alifunga madirisha yote, moja baada ya jingine, na kompyuta ikakataa kuzimika. Iliandika kwamba programu bado inafanya kazi. Hakuna kitu kwenye kioo, kioo kitupu, na mashini inasema bado.

"Fundi, kuna mutu bado iko ndani," aliniambia.

"Ni mashini ya zamani, dada. Bonyeza kitufe kwa nguvu."

"Mi nabonyeza kila siku. Lakini sipendi. Ni kama kumuzibia mutu pumzi."

Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani nijipige kofi.

Sasa nimfikie kaka. Alipotea mwaka wa pili wa vita, kiangazi kinaanza. Aliitwa aende Carama kutengeneza mashini ya kusaga unga iliyoharibika kwa mtu mmoja mwenye shamba. Alibeba spana za baba kwenye mfuko wa kaki, akamwambia mama amwekee chakula, atakula akirudi. Mchana ule kule upande wa Kinama, jirani na Carama, kulisikika milio ya risasi. Mwenye mashini alisema baadaye kwamba kaka alifika, akaitengeneza, akaondoka kwa miguu. Hakuna aliyemwona tena, wala mfuko haukuonekana. Mama alifunika kile chakula kwa sahani nyingine, na kwa siku nyingi kila mchana alipika na kufunika upya.

Nilipopata kazi ya ofisi ya komunike, mama alivaa baibui lake la kutokea, akanifuata mpaka mjini. Alikaa mbele ya dada akasema anataka mwanawe atafutwe redioni kila mwaka, tarehe ileile aliyoondoka, maana siku hiyo popote alipo lazima atakuwa anakumbuka nyumbani. Dada akaniangalia. Programu haikuwa na kitu kama hicho. Nikakaa palepale nikaongeza kisanduku kidogo kilichoandikwa "kila mwaka", na mama yangu akawa mteja wa kwanza kukitumia. Maneno aliyatamka mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: kijana wa Buyenzi, fundi, amevaa shati la bluu, ana kovu kwenye kidole gumba cha kulia. Mwisho akasema, "Mwambieni mulango hatufunge. Mwambieni chakula yake iko." Dada akayaandika vilevile.

Yalisomwa mwaka huo na mwaka uliofuata. Kila mara mama aliweka redio kwenye kigoda uani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa upande wa mlango hadi magharibi. Mimi sikuweza kukaa naye. Nilijitafutia shughuli.

Miaka minne ilipopita tangu kaka apotee, mwalimu wa msikiti alikuja nyumbani. Alizungumza na mama kwa upole mwingi. Alimwambia kungoja kuna mpaka wake, na mtu aliyekufa bila kuombewa naye ana haki yake kwa walio hai. Mama hakulia mbele yake. Aliuliza tu kama itajuzu hitima ifanywe tarehe ileile aliyoondoka, kwa sababu tarehe nyingine yeye hanayo. Mwalimu akasema inajuzu.

Siku chache baadaye tulikwenda naye tena ofisini, kuondoa komunike ya kutafutwa. Dada alilifungua dirisha, mama akaliangalia ingawa kusoma hajui. Dada akabonyeza msalaba. Maneno yakatoka kiooni.

"Imetoka?" mama aliuliza.

"Imetoka, mama. Pole sana."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha kufiwa, chenye sauti, cha kujishika kichwa, palepale kwenye kiti cha ofisi, na watu waliokuwa kibarazani wakavua kofia. Nilimshika mabega. Nilifikiri, alhamdulillahi, angalau sasa ameanza kulia, maana kilio kikianza kina siku yake ya kwisha. Nilikuwa nimesimama umbali wa hatua mbili kutoka kwenye ile kompyuta, na ni mimi peke yangu duniani niliyeweza kujua kwamba haijatoka.

Siku ya hitima ilikuwa njema. Barabara ilikuwa wazi, na watu walikuja tangu asubuhi. Kisomo kilipangwa baada ya alasiri, kiishe mapema ili wa mbali wawahi kurudi. Wanawake walikuwa uani na masufuria ya pilau, mashangazi wanatwanga bizari na kutaniana kidogo kama ilivyo desturi, msiba usikae kifuani. Mama alikuwa amevaa kanga mpya, uso umetulia. Kwa miaka mingi sikuwa nimemwona vile. Alinituma nitoe sahani za wazee, zile za maua, zilizokuwa zimefungiwa tangu kaka apotee.

Saa sita na nusu mtu akaongeza sauti ya redio, kwa sababu mwaliko wa hitima ulikuwa usomwe, na nani asiyependa kusikia komunike yake? Ikasomwa. Familia fulani ya Buyenzi inawaalika ndugu na marafiki kwenye hitima ya marehemu mtoto wao. Wanawake wakasema amina. Kikafuata kitambulisho kilichopotea. Kikafuata kitu kingine, sikumbuki. Halafu sauti ileile, bila kubadilika, ikasema:

"Anatafutwa kijana wa Buyenzi, fundi. Amevaa shati la bluu, ana kovu kwenye kidole gumba cha kulia." Na jina la kaka, lote, na la baba yake. "Mama yake anasema mulango hawafunge. Anasema chakula yake iko."

Nilikuwa na sahani mkononi, kama kumi hivi, nimezishika kwa kifua. Mchi ulibaki kwenye kinu. Nilijua papo hapo, kabla msomaji hajamaliza. Niliona dirisha lile kama ninavyoliona sasa, limekaa gizani ndani ya mashini mwaka mzima, linahesabu siku, na leo siku yake imefika nalo limefanya nililoliagiza.

Mama alisimama. Hakupiga kelele.

"Nani anamwita mwanangu?" aliuliza.

Watu wakaangalia chini. Shangazi akaanza kusema labda ni makosa ya redio, mama akamwinulia mkono anyamaze. Akanigeukia.

"Wewe unafanya kule. Nani ameandika?"

Ilikuwa rahisi. Maneno matatu tu: mama, nimekosea mimi. Nilifungua mdomo, nikaona ule uso uliokuwa umetulia dakika tano zilizopita.

"Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama muda mrefu, mimi na zile sahani. Kisha akamwambia shangazi azime moto. Akasema haisomwi hitima ya mtu anayeitwa. Mwalimu alipofika akaambiwa kibarazani, akajaribu kusema naye, akashindwa, akaomba dua fupi ya heri akaondoka. Pilau tuliigawa kwa majirani na kwa wakimbizi waliokuwa wanalala nyuma ya shule. Mama alirudi kukaa upande wa mlango.

Asubuhi yake nilifika ofisini kabla ya dada. Niliiamuru programu inionyeshe madirisha yote yaliyo hai, hata yale yasiyoonekana. Yalitoka mamia. Yalipandana kiooni moja juu ya jingine: mazishi ya mzee ambaye kaburi lake limeshaota nyasi, mtoto wa miaka sita aliyetafutwa na shangazi yake, bibi harusi ambaye harusi yake ilihamishwa mara mbili na mara ya tatu ikaja komunike ya namna nyingine. Watu walikuja pale kwenye kile kiti, wakalia, wakaambiwa "imetoka", na wote walikuwa humu. Nikaelewa kwa nini kila jioni mashini ilikataa kulala. Dada aliingia akanikuta bado nayasoma.

"Si nilikwambia?" alisema. "Si nilikwambia kuna mutu iko ndani?"

Nilimweleza yote. Nikaongeza kitufe nilichokiahirisha miaka yote ile, cha kuliua dirisha kabisa na kulifuta kwenye orodha, kazi ya nusu saa. Nusu saa! Tukayaua moja moja, yeye anasoma jina, mimi nabonyeza. Lile la kaka nililiua mwenyewe, nikahakikisha mara tatu kwamba halimo. Jioni ile kompyuta ilizimika kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa.

"Sasa utamwambia mama yako," dada alisema.

"Nitamwambia. We usimwambie."

"Mi nisimwambie? Haya. Lakini mwambie haraka. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Sikumwambia. Kila siku nilipanga, na kila siku nilikuwa na sababu. Ana presha. Ana mgeni. Amecheka leo, nisimharibie. Wiki zikawa miezi. Tarehe ikazunguka tena, na asubuhi ile nikamkuta mama ameshaitoa redio, ameiweka kwenye kigoda, kabla hata ya chai.

Basi nikafikiri: mwaka jana kaitwa, mwaka huu asipoitwa itakuwaje? Atadhani yule aliyekuwa anamtafuta naye amekufa, au ameiona maiti yake akaacha kutafuta. Nilikimbia mpaka mjini. Nilikaa kwenye kiti cha dada nikaandika komunike ileile, neno kwa neno, nilikuwa naijua kwa moyo. Dada alisimama nyuma yangu, mikono kifuani.

"Kila mwaka?" aliuliza, akionyesha kile kisanduku.

"Apana. Mara moja tu."

Na mwaka uliofuata nilikwenda tena, na uliofuata, na uliofuata. Mara nne. Niliwahi kurudi nyumbani kila mara ili nimwone akisikiliza. Ikishasomwa, mama alizima redio, akanigeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Huna neno?"

"Sina, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, akarudisha redio ndani. Nilidhani ananiuliza kama nina habari za kaka. Mwaka mmoja niliona shati la kaka, lile la mistari, limevaliwa na mwana wa wakimbizi wa nyuma ya shule. Nilimuuliza mama, akasema nguo haifai kukaa inaliwa na mende. Nikajiambia hiyo ni sadaka, anamtolea ili arudi salama. Mwaka mwingine nikagundua kwamba usiku mlango unafungwa kwa komeo. Nikajiambia ni kwa sababu ya wezi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mashahidi.

Mama alifariki vita havijaisha rasmi, ingawa watu walishaanza kusema vimekwisha. Aliugua siku tisa. Siku ya saba aliniita, akanishika mkono, akaniuliza lile swali lake: "Huna neno?" Nikasema, "Pumzika, mama." Akaniachia mkono. Hilo ndilo linanijia hata leo nikifunga macho, vile vidole vinavyoachia.

Alifariki siku ya tisa, tukamzika kesho yake. Kabla ya mazishi ilibidi nikaandikishe komunike, ili walioko mbali wasikie. Dada alikuwa ameshasikia. Alinikumbatia, akakaa, akafungua dirisha jipya. Aliuliza anavyouliza kila mtu: jina, mtaa, mazishi wapi, saa ngapi. Nilijibu. Akafika kwenye ile sehemu ambayo kila komunike ya kifo inayo.

"Ameacha watoto wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Vidole vyake havikusogea.

"Andika wawili, dada."

Alitoa mikono kwenye mashini akaiweka mapajani.

"Mama yako alikuja hapa siku ya tatu," alisema. "Ile mwaka ya hitima. Alikuja peke yake, kwa miguu. Aliniuliza nani aliandika. Mi sikuweza kumudanganya mama wa watu. Nikamwambia ni mashini, na mashini ni ya mutoto wake."

Nikamuuliza mama alisema nini.

"Aliniambia: nilijua. Niliona uso yake na zile sahani. Nikamuuliza, sasa mama, utamwambia unajua? Akasema apana. Akasema: 'Yule mukubwa nimeshamuachia Mungu, nimemusomea mwenyewe ndani ya chumba. Ni huyu mudogo ndiye namungoja. Acha aniambie mwenyewe.' Akaniapisha nisiseme kitu akiwa angali hai. Kila mwaka ukikuja hapa kuandika, mi nilikuwa nasema moyoni, leo atasema. Leo atasema."

Kibarazani watu walikuwa wanangoja zamu zao, mmoja ameshika picha, mwingine karatasi. Nilisema yale maneno matatu. Niliyasema kwa sauti, mbele ya dada na kompyuta na wale wa kibarazani, karibu miaka mitano baada ya siku yake: mama, nimekosea mimi. Dada aliinamisha kichwa, hakunijibu, maana hakuwa yeye niliyemwambia.

Baadaye aliuliza tena, kwa sauti ya kazi.

"Ameacha watoto wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

Akaandika. Akaniuliza kama isomwe mara moja au kila mwaka.